Viti Viwili vya Jeddah



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) na kumswalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), napenda kwanza kuwaeleza wanafunzi wetu na wazazi wao jinsi makala hii ilivyopatikana. Ustadh anayesimamia jarida letu aliniita baada ya sala ya Asri akaniambia, "Mwaka huu tunataka kitu juu ya ithari. Watoto wameshasoma habari za Ansari na Muhajirina, sasa wasome na habari ya mtu wanayemjua. Tuandikie ile safari yenu ya Umra, wewe na mama, mlipomwachia mgonjwa viti vyenu vya ndege."

Nilimjibu kuwa nitaandika, lakini kwa sharti kwamba ayachape yote nitakayoyaandika. Akacheka, akakubali bila kujua anakubali nini.

Basi wasomaji wapenzi, mwaka 2024 Mwenyezi Mungu alitujaalia mimi na mamangu kwenda Umra katika kumi la mwisho la Ramadhani. Idi ilitukuta Makka siku ya Jumatano, tarehe 10 Aprili. Siku sita za Shawwal mama alikuwa ameazimia kuzifungia nyumbani, kwa sababu huku Lamu tulikuwa na shughuli. Mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa. Nikahi ilipangwa Ijumaa tarehe 19 baada ya Asri, na kwa kuwa baba yetu alikwisha tangulia mbele ya haki, na babu kabla yake, walii wake ni mimi.

Bwana harusi anafanya kazi Doha na likizo yake ilikuwa fupi. Watu wa Pate, Siyu na Faza walikwisha alikwa, mchele ulikwisha nunuliwa, ng'ombe alikwisha lipiwa nusu. Nusu ya pili ilikuwa juu yangu. Hili la nusu ya ng'ombe liwekeni akilini.

Usiku wa Jumatatu tarehe 15 tulikuwa uwanja wa ndege wa Jeddah. Ndege yetu ya moja kwa moja mpaka Nairobi ilikuwa iondoke saa tano usiku, na kesho yake tulikuwa na tiketi za ndege ndogo kutoka Wilson mpaka Lamu. Tulikuwa na mabegi mawili na yale makatoni ya Zamzam ya lita tano tano, ambayo kila msafiri huruhusiwa moja. Mama alilishika lake mkononi mpaka kaunta, hakuamini kulikabidhi kwa mtu. Ndani ya begi langu mlikuwa na kanzu mpya ya nikahi na joho nililolinunua Makka kwa bei ambayo sitaitaja hapa, maana mke wangu husoma jarida hili.

Tulipokwisha kabidhi mizigo na kupewa kadi za kupandia, tukamsikia mfanyakazi wa shirika akitangaza kuwa ndege imejaa kupita kiasi, na kwamba wanatafuta watu wawili watakaokubali kubaki na kusafiri kwa ndege nyingine.

Huenda wanafunzi wakashangaa ndege yawezaje kujaa kupita kiasi, kwani si daladala. Mashirika huuza tiketi nyingi kuliko viti kwa sababu yanajua kuwa kila safari kuna watu ambao hawatokei. Mara nyingi hesabu yao huwa sawa. Ikikosea, watu huwa wengi kuliko viti na lazima mtu abaki. Zamani Marekani walikuwa wakichagua wenyewe nani abaki, na ugomvi ulikuwa mkubwa. Mwaka 1968 mwanauchumi mmoja wa huko, Julian Simon, alitoa rai kuwa badala ya kumshusha mtu kwa nguvu, watu waulizwe nani yuko tayari kubaki na kwa malipo gani. Alichekwa kwa miaka, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ndipo utaratibu ukashika, na sasa umeenea duniani. Nilipolieleza jambo hili darasani, mwanafunzi mmoja aliniuliza kama huko si kuuza kitu kimoja mara mbili. Nikamwambia swali hilo alipeleke kwa ustadh wa fiqhi. Nasikia bado wanalo.

Waliokosa viti walikuwa kijana mmoja wa Nairobi na baba yake. Mzee alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, miguu imevimba. Kijana alikuwa akimweleza yule mfanyakazi, kwa Kiarabu cha kuokota okota, kuwa baba yake husafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, kwamba alisafishwa Makka siku ya Jumamosi, na kwamba zamu yake hospitalini Nairobi ni Jumanne. Mama hajui Kiarabu cha kusema, lakini aliitazama ile miguu. Akaniambia, "Mwanangu, sisi hatuna anayetungoja na mashine. Wape."

Hapa ndipo habari inayosimuliwa mtaani huishia, na kwa mama iishie hapo hapo, kwa sababu kwake hapakuwa na zaidi.

Kwangu palikuwa na zaidi. Kabla mama hajafungua kinywa, mimi nilikwisha sikia lile tangazo lote mpaka mwisho, na mwisho wake ulikuwa kwamba kila atakayekubali kubaki atapewa vocha ya dola 400. Watu wawili, dola 800. Nilikuwa nimesimama pale nikiizidisha kwa shilingi, nikiona nusu ya ng'ombe inalipika, na jenereta, na pengine viti vya kukodi. Niliuliza ndege nyingine ni ya saa ngapi. Nikaambiwa tutapitia Dubai, tuondoke saa kumi alfajiri, tufike Nairobi Jumanne hiyo hiyo jioni. Tutaikosa ndege ya Lamu, lakini Jumatano ipo nyingine, na nikahi ni Ijumaa. Nikaona nafasi ni pana.

Kijana alipoambiwa viti vimepatikana alinishika mikono miwili akalia. Mzee akatuombea dua ndefu, nami nikaitikia amin kwa sauti. Sikumwambia mtu kuwa nilikuwa nafikiri habari za ng'ombe.

Tulifika Dubai Jumanne tarehe 16 asubuhi huku mvua ikinyesha. Wenyeji wa huko walikuwa wakiifurahia na kuipiga picha. Mpaka adhuhuri haikuwa mvua ya kufurahiwa tena. Alasiri mbingu iligeuka rangi ya kijani, kitu ambacho sijawahi kukiona hata katika masika yetu, kisha giza likaingia mchana. Kupitia vioo tuliziona ndege zikipita katika maji kama jahazi. Baadaye ndipo tulipojua kuwa hiyo ilikuwa mvua kubwa kuliko zote zilizopimwa nchini humo tangu walipoanza kuweka kumbukumbu mwaka 1949. Sehemu moja ya Al Ain ilipimwa milimita 254.8 kwa muda usiotimia saa 24. Wasafiri wengine walisema ni kwa sababu serikali yao hupanda mawingu, na idara yao ya hali ya hewa ikakana. Mimi nasimulia nilichokiona tu.

Ndege yetu ya saa tisa ilisogezwa saa kumi na mbili, kisha saa nne usiku, kisha jina la Nairobi likatoweka kwenye ubao. Kwa siku mbili hizo, Jumanne na Jumatano, safari zaidi ya 1,200 zilifutwa katika uwanja ule. Hatukuwa na viza ya kuingia mjini, na hata wenye viza walirudi, maana barabara zilikuwa zimekuwa mito. Tukalala chini pamoja na maelfu ya watu. Mama nilimtandikia mkeka wake wa safari nyuma ya nguzo. Ana maumivu ya magoti, na usiku ule nilimsikia akigeuka na kugeuka. Hakulalamika. Angelalamika ningepata nafuu kidogo.

Jumatano ilipita katika foleni. Foleni ya kuuliza, foleni ya chakula, foleni ya kuchaji simu, na foleni ya chooni kutia udhu. Nitawaeleza jambo moja la ibada ambalo wanafunzi wa fiqhi watalipenda. Mama alitaka kujua kama bado tunakasiri sala, au tumekwisha kuwa wakaazi. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, msafiri anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, huacha kukasiri. Lakini aliyekwama kwa haja ambayo huenda ikatimia wakati wowote, naye akitoka itakapotimia, huyo hukasiri mpaka siku kumi na nane. Sisi tulikuwa hao wa pili. Mama aliposikia kumi na nane alishtuka, akadhani ndiyo idadi ya siku nilizoambiwa kwenye kaunta.

Na kibla! Sisi wa Lamu tumezaliwa tunaelekea kaskazini tunaposali. Dubai kibla kiko magharibi. Mama alikuwa akisimama, anafikiri, anageuka. Magharibi ilipoingia na mawingu yakafunguka kidogo, jua likatua mbele yake huku amesimama kwenye mkeka, akaniambia baada ya kutoa salamu kuwa katika umri wake wote hajapata kulitazama jua likizama kutoka kwenye msala.

Jumatano hiyo usiku nilimwandikia ami yangu kuwa hatutawahi. WhatsApp ya kuandika ilipita, na ujumbe wa sauti ulipita, lakini kupiga simu kwa WhatsApp katika nchi ile kulikuwa kumezuiwa. Ami akajibu kuwa nisihangaike, yeye ni ndugu wa baba wa bibi harusi, ataozesha yeye. Mama aliposomewa alinyamaza kwa muda. Nilidhani atasema nikahi isogezwe. Akasema, "Watu wameshapanda mashua kuja. Jambo la kheri lisimngojee mtu. Hata mimi lisiningojee." Kisha akajifunika mtandio usoni, nikajua hajalala.

Alhamisi asubuhi ukaingia ujumbe wa maalim wetu, yule yule aliyetufundisha sote, na ambaye wengi wenu mnamjua kwa fimbo yake kuliko kwa jina. Alisema ami hawezi. Walii aliye karibu zaidi ni kaka, naye yu hai. Kuwa kwake mbali masafa ya kukasiri hakumpi ami nafasi yake. Katika madhehebu yetu ama kaka atoe wakala, ama kadhi aozeshe. Na akaongeza kuwa kaka si kama baba, hawezi kumwakilisha mtu mpaka kwanza msichana mwenyewe atoe idhini ya kuolewa. Kwa hiyo anataka kunisikia nikimwuliza dada yangu, kisha nikimwakilisha ami, kwa sauti iliyo hai. Ujumbe wa kurekodiwa hautaki. "Leo watu wanaweza kutengeneza sauti ya mtu yeyote," akasema. Mzee wa miaka themanini!

Niliona aibu kubwa. Nimesoma mlango huo wa nikahi, nimeufundisha, na pale Jeddah haukunipitia akilini hata mara moja. Zilinipitia shilingi.

Laini yangu ya Kenya ilikuwa imekwisha salio, na kuiongeza kutoka pale kulishindikana. Aliyetuokoa alikuwa mwanamke mmoja mtu mzima, Mwomani wa Ibra, ambaye alimsikia mama akisoma dua akamsogelea kwa Kiswahili safi cha Unguja. Yeye alizaliwa Ng'ambo, akaondoka akiwa msichana, na sasa alikuwa akienda Zanzibar kuwaona ndugu zake. Tangu Jumanne alikuwa amekaa na mama wakila tende na kuulizana koo. Yeye mwenyewe alikuwa na huzuni. Mvua ile ile, kabla ya kufika Dubai, ilipita Oman, na Jumapili tarehe 14 ilichukua watoto wa shule katika wadi ya Samad Ash-Shan, si mbali sana na kwao. Alikuwa akiizungumza habari hiyo, ananyamaza, kisha anairudia.

Nilipomweleza haja yangu alinipa simu yake kabla sijamaliza. "Chukua mwanangu, piga. Nikahi hiyo." Nikasema itakula pesa nyingi, nitamlipa. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

Nikapiga. Maalim alikuwa nyumbani kwetu tayari, pamoja na ami na watu wawili wa kusikia, na simu ikapitishwa mlangoni mpaka chumbani kwa dada yangu. Siku hiyo ilikuwa siku ya hina. Nilisikia wasichana wakinyamazishana.

Nikamwuliza kama inavyoulizwa. Yupo fulani bin fulani, anataka kukuoa kwa mahari kadha, je, umeridhia nikuoze?

Kimya.

Tumesoma sote kuwa idhini ya mwanamwari ni kunyamaza kwake. Lakini kimya cha simu utakijuaje? Sikujua amenyamaza au laini imekatika. Pale uwanjani walikuwa wakitangaza safari ya Karachi. Nikasema "Haloo?" Nikamsikia maalim kwa mbali akisema, "Mwambie aseme kwa ulimi, hii si siku ya haya."

Akasema, "Nimeridhia." Kisha, kabla hawajamwondolea simu, akaniuliza, "Lakini kaka, kwa nini mlivitoa viti?"

Mama alikuwa ameweka sikio karibu na langu. Akajibu yeye. "Palikuwa na mgonjwa, mwanangu. Kaka yako alimwonea huruma."

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno. Nilinyamaza, na kila mtu akakichukua kimya changu kuwa ni unyenyekevu.

Simu ikarudi kwa ami. Nikamwakilisha kwa maneno maalim aliyonitamkisha, moja moja, kama nilipokuwa na umri wa miaka saba. Nikarudisha simu kwa mwenyewe. Yeye na mama walikuwa wanalia, mmoja kwa harusi na mwingine sijui kwa lipi.

Kijana wa Nairobi alikuwa ameniandikia tangu Jumanne kuwa wamefika na mzee amewekwa kwenye mashine alasiri. Niliusoma ujumbe huo mara nyingi zile siku mbili. Ulinifariji, sitasema uongo. Hata hivyo kila nilipousoma niliona ni ujumbe uliokuwa umfikie mama, umepotea njia.

Ijumaa asubuhi bibi wa Ibra aliitwa kwenye ndege ya Zanzibar. Sisi tulipata ya Nairobi jioni. Saa kumi na moja za Dubai, yaani saa kumi za Lamu, tulikuwa tumesimama kwenye foleni ya kupanda. Simu ikalia. Ilikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa shangazi, wa sekunde kumi na moja, na ndani yake hamkuwa na neno, ni vigelegele tu. Mama akaweka simu sikioni. Akairudisha mwanzo, akaisikiliza tena. Watu wa nyuma wakatwambia tusogee.

Nairobi tulifika usiku bila mabegi. Hakuna aliyejua yako wapi. Tiketi zetu za Wilson zilikwisha kufa tangu Jumanne, pesa hazirudi, na kununua nyingine sikuwa na uwezo. Treni ya Jumamosi asubuhi ilikuwa imejaa. Tukapanda basi mpaka Mombasa, karibu kilomita 480, tukalala kwa mama mdogo, na Jumapili asubuhi tukapanda la Lamu.

Njia hiyo wengi wenu mnaijua. Malindi, Minjila, vituo vya ukaguzi ambapo abiria mnashuka na vitambulisho mkononi, askari wakiwa wanasindikiza magari kwa sababu ya mashambulizi yaliyoanza mwaka 2014. Mwezi ule masika yalikuwa mabaya, na Mto Tana ulikuwa umejaa. Tulipopita mabondeni, maji yalikuwa pande zote na ng'ombe wa watu wamesimama kwenye tuta la barabara. Nilipowaona ng'ombe wale sikuweza kuvumilia. Nikamwambia mama kila kitu. Vocha, hesabu, jenereta, na kwamba aliposema "wape" mimi nilikuwa nimekwisha amua, si kwa ajili ya mzee.

Aliendelea kutazama dirishani. Akasema, "Nilikuona ukihesabu vidole."

Nikamwuliza kwa nini basi alimwambia dada yangu kuwa niliona huruma.

"Ningemwambia nini, na maalim anasikia?" Kisha akanipa ndizi.

Mokowe tukapanda mashua. Tulifika nyumbani Jumapili tarehe 21 baada ya Adhuhuri. Safari iliyokuwa ya usiku mmoja na asubuhi yake ilikuwa imekula siku sita, nami nilikuwa na kanzu ile ile niliyotoka nayo Jeddah. Sufuria za walima zilikuwa zimefunikwa uani, zimeoshwa. Dada yangu alikuwa bado ndani ya fungate. Mama aliingia peke yake kwanza, nami nikangoja kwenye daka nikisikia sauti zao. Walikaa muda mrefu. Sijui walizungumza nini na sikuuliza.

Nilipoitwa nilimkuta amekaa kitandani, hina bado nyeusi mikononi. Akasema ami alifanya vizuri, alikohoa mara mbili tu. Akaniuliza kwa mzaha, "Umeniletea nini kutoka Makka?" Mabegi hayapo, Zamzam haipo, joho halipo. (Yalikuja katikati ya Mei, makatoni ya Zamzam yamelowa lakini chupa zake zima.) Mfukoni nilikuwa na karatasi moja tu, ile vocha, imekunjwa mara nne na imechakaa kwa kukaliwa.

Nikampa. Nikamwambia hili ndilo jibu la lile swali ulioniuliza kwenye simu, na mama hakulijua lote alipokujibu. Kama mama alivyosema ndivyo alivyotenda yeye. Mimi nilikuwa nataka hizi.

Akaikunjua, akasoma. Dola 400, na ya mama ndani yake, dola 400. Ni za tiketi tu, hazibadilishwi pesa taslimu, hazihamishwi kwa mtu mwingine, na muda wake ni mwaka mmoja. Hayo masharti mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasoma Dubai, siku ya pili, nikiwa kwenye foleni ya kuchaji simu. Ng'ombe alilipwa na ami.

"Kwa hivyo uliniuza dola mia nane," akasema.

Nilitaka kusema kitu, nikakosa. Alikuwa anacheka, lakini macho yalikuwa yamejaa, na akawa anayafuta kwa mgongo wa mkono ili asiharibu hina. Mume wake akabisha hodi kutoka nje kutaka kunisalimia. Akaikunja ile karatasi kama ilivyokuwa, akaitia chini ya mto wake, akajifunika leso, akaniambia nimfungulie mlango.

Sijamwuliza mpaka leo aliipeleka wapi.